MALI YA WEZI INA MWENYEWE: FUNGU LA VIJANA LISILALE HAZINA

Mwizi akishikwa na mbuzi wa watu, mbuzi hurudishwa kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria ya kijijini, na mtoto mdogo aijua. Hakuna mzee wa mtaa atakayemshika mwizi, akamnyang'anya mbuzi, kisha akamfunga mbuzi huyo uani kwake na kumwambia mwenye mali, "Nenda nyumbani, sheria imefanya kazi." Mzee wa namna hiyo angeitwa mwizi wa pili.

Leo twataka kuuliza juu ya mbuzi wa taifa zima. Mali inayotwaliwa kwa amri ya mahkama kutoka kwa wezi wa fedha za umma na wauza unga wa Kenya, huenda wapi? Na kijana ambaye mali hiyo ilichumwa mgongoni mwake, hupata nini? Neno letu ni moja, nalo twalisema tangu mwanzo ili asije mtu akadai hakutuelewa: mali hiyo ina mwenyewe. Fungu lake kubwa ni haki ya vijana walioharibiwa nayo, na yapasa sheria iseme hivyo kwa maandishi, kwa hesabu, na mbele ya macho ya watu.

FEDHA ZILIZOIBWA ZILIKUWA ZA NANI?

Tuanze na fedha za umma. Mwaka 1964, nchi ikiwa changa, iliundwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile ambayo kila mtu aijua kwa jina la NYS. Miji ilikuwa na vijana wengi waliotoka katika taabu za miaka ya Hali ya Hatari, hawana kazi, hawana shule, hawana mashamba. Waliounda Huduma hiyo hawakungoja kijana awe jambazi ndipo wamtafute. Walimvisha sare, wakamtia jembe mkononi, wakampeleka akakate barabara na kufyeka mapori, na pamoja na kazi hiyo wakampa masomo na ufundi. Wale maadui watatu waliotajwa kila mkutano wa siku zile, ujinga, umaskini na maradhi, ilitakiwa wapigwe kwa mkono wa kijana mwenyewe.

Sasa tazameni yaliyotokea baada ya miaka 50. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba Shs. 791 milioni zilitolewa NYS kwa njia ya udanganyifu. Mwaka 2018, kabla jeraha hilo halijapona, jina la NYS likarudi magazetini, safari hii kwa habari za mabilioni. Maofisa na wafanya biashara kwa makumi wakapelekwa mahkamani, na mashtaka yakataja malipo ya vitu ambavyo havikuletwa. Hatutaji jina la mtu, maana kesi huamuliwa na mahkama, haziamuliwi na gazeti. Lakini mahkama yenyewe imekwisha kusema neno. Mahkama Kuu imeamuru viwanja, magari na fedha za benki zilizotokana na fedha za NYS vitwaliwe na Serikali.

Hapo ndipo tunapouliza. Fedha zile zilipoondoka zilikuwa na jina. Hazikuwa fedha za barabara wala za ubalozi. Zilikuwa chakula cha kijana wa Gilgil, buti zake, msumeno wake, cherehani yake na mshahara wa mwalimu wake. Zikaondoka zikageuka kiwanja na gari la fahari. Sasa kiwanja kikiuzwa na gari likipigwa mnada, kwa nini zirudi bila jina? Kwa nini fedha zilizotoka kwa kijana zikirudi ziwe za kila mtu, na yule kijana asiwe miongoni mwa hao "kila mtu"?

UNGA NA WATOTO WA PWANI

Wa pili ni wauza unga. Watu wa Mombasa, Malindi, Lamu na Kilifi hawahitaji gazeti liwaeleze habari hii. Wao waiona barazani kwao. Bahari iliyotuletea jahazi za tende na mikeka imekuwa njia ya heroini. Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja karibu na pwani ya Afrika ya Mashariki. Julai ya mwaka ule ule, meli Al Noor ikashikwa Mombasa ikiwa na zaidi ya kilo 300. Unga kama huo haupiti tu kwenda Ulaya. Mwingine hubaki kuwa ujira wa wapakuzi, hubaki kuuzwa rejareja vichochoroni, hubaki ndani ya mishipa ya vijana wetu. Mama auza vitumbua alfajiri, na mwanawe teja auza sufuria za mama adhuhuri. Nyumba ngapi tunazijua zilizokwisha kwa njia hiyo?

Na Serikali ikafanya nini na meli ile? Agosti 29, 2014 ilivutwa hadi bahari kuu, ikalipuliwa pamoja na unga wake, Rais wa siku zile akishuhudia. Mwaka uliofuata mashua ya fahari iliyokutwa na heroini ikafanyiwa hivyo hivyo. Hatuulilii unga, uchomwe wote, na majivu yake yasionekane. Lakini meli ni chuma, ni injini, ni nanga na nyaya. Mombasa kuna chuo cha mabaharia, na pwani nzima kuna vijana wanaotamani kazi ya bahari ambao hawajapata kushika usukani wa chombo kikubwa. Meli iliyotumika kuwaua ingeweza kuwafundisha, na kama haikufaa kufundishia, ingeuzwa kwa uzito wa chuma chake, na fedha zikanunua vitanda vya kutibu mateja. Badala yake tulipewa moshi na mshindo. Mshindo ulisikika siku moja. Teja wa Kisauni yuko pale pale mpaka leo.

Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipelekwa Marekani Januari 2017. Mahkama ya New York ikamhukumu mmoja miaka 25 mwaka 2019, na mwingine miaka 23 mwaka 2020. Watu walishangilia, nasi hatuwalaumu. Lakini fikirini. Kumfunga mtu New York hakumponyi kijana Mombasa. Jela humwondoa mwuzaji. Haimrudishi mnunuzi darasani. Kazi ya pili, ile ya kumrudisha kijana, ni yetu wenyewe, nayo yataka fedha.

AIBU YA KUTEGEMEA MFUKO WA MGENI

Fedha za kazi hiyo zimekuwa zikitoka wapi? Matibabu ya methadoni kwa watumiaji wa heroini yalianza hapa nchini Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha yakafika Pwani. Ni kazi njema. Kijana aliyekuwa akilala mtaroni huja kila asubuhi, hunywa dawa yake mbele ya mwuguzi, hurudi nyumbani akiwa na akili zake. Lakini sehemu kubwa ya msaada wa kazi hiyo ilitoka kwa walipa kodi wa Marekani. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilipoamuru misaada ya nje isimamishwe, kliniki nyingi za Kenya zilizotegemea msaada huo zikatikisika kama mti uliokatwa mizizi ya upande mmoja.

Hatuwatukani Wamarekani. Fedha zao ni zao, nao wana haki ya kufunga mkoba wao. Twajitukana wenyewe. Taifa lililopigania Uhuru likaweka uhai wa watoto wake katika kalamu ya mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari, hali fedha za mwuza unga zipo hapa hapa, katika benki zetu, katika majumba ya ufukweni na mabasi ya abiria! Kujitegemea si wimbo wa sikukuu. Kujitegemea maana yake ni kwamba dawa ya kijana aliyeharibiwa na unga inunuliwe kwa fedha za aliyemharibu.

SHERIA IPO, NIA NDIYO HAIPO

Kuna mabwana watakaotuambia kwamba jambo hili ni zuri lakini sheria hairuhusu. Waambieni wafungue Katiba ya mwaka 2010.

Kifungu cha 40 kinailinda mali ya kila mtu, lakini kinasema waziwazi kwamba ulinzi huo haufiki kwa mali iliyothibitishwa kuwa ilipatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 55 kinaiagiza Serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yafaayo, wapate kazi, na walindwe na unyonyaji. Na Kifungu cha 206, ambacho ndicho ufunguo wa mlango huu, chasema kwamba fedha zinazopokewa na Serikali ya taifa ziingie Mfuko Mkuu, isipokuwa zile ambazo Sheria ya Bunge imezitenga ziingie katika mfuko mwingine wa umma uliowekwa kwa kazi maalum. Basi, Katiba imekwisha kuacha mlango wazi. Linalotakiwa ni Bunge kupita.

Tena Bunge limekwisha kutia mguu mmoja ndani. Sheria ya Mapato ya Uhalifu ya mwaka 2009 iliunda Shirika la Kutwaa Mali, ARA, na ikaunda Mfuko wa kuwekea mali hiyo. Kwa sheria hiyo, Shirika likiwa na sababu za kuamini kwamba mali imetokana na uhalifu, huomba Mahkama Kuu iizuie isiuzwe wala kuhamishwa. Amri hiyo ni ya siku 90, na kabla hazijaisha Shirika lazima liombe amri ya kuitwaa kabisa, la sivyo zuio linaanguka. Mwenye mali huitwa, husikilizwa, huonyesha alivyoipata. Akishindwa, mali huwa ya Serikali. Mbali na ARA iko Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ambayo nayo hudai mali za umma mahkamani.

Vyombo vipo. Mahkama zipo. Mfuko upo katika sheria. Twauliza swali moja tu, na twataka lijibiwe kwa tarakimu, si kwa hotuba: katika mfuko huo, fungu la kijana ni kiasi gani?

WENZETU WAMEFANYAJE?

Wako watu wanaodhani haya ni mawazo ya wenye njaa. Na tuwapeleke basi Italia. Kule Sicilia palikuwa na mbunge jina lake Pio La Torre, mtoto wa wakulima maskini, ambaye alitaka sheria ya kuwanyang'anya Mafia mali zao, kwa sababu alijua kwamba jambazi haogopi jela kama anavyoogopa umaskini. Alipigwa risasi Palermo Aprili 30, 1982. Septemba ya mwaka ule ule sheria aliyoitaka ikapita. Lakini mali zikatwaliwa zikaachwa ziote majani, na watu wakaona mashamba ya Mafia yakilala bure. Ndipo wananchi wa Italia wakakusanya saini milioni moja, na mwaka 1996 ikatoka Sheria nambari 109, kwamba mali iliyotwaliwa irudi kwa jamii. Leo karibu na Corleone, mji uliotisha dunia, vyama vya ushirika vya vijana hulima ngano na mizabibu katika mashamba yaliyokuwa ya wakubwa wa Mafia. Nyumba za majambazi zimekuwa makao ya watoto na ofisi za umma.

Mtu wa Corleone akipita mbele ya shamba hilo haambiwi kwamba uhalifu haulipi. Anaona kwa macho. Hilo laweza kufanya kazi kuliko mabango elfu.

Na tuwapeleke Scotland. Kwa sheria ya mwaka 2002 wahalifu hunyang'anywa mapato yao, na tangu mwaka 2008 Serikali ya Scotland huzirudisha fedha hizo kwa vijana wa mitaa iliyoumizwa na uhalifu. Kuna michezo, kuna sanaa, kuna mafunzo ya kazi, kuna watu wazima wa kukaa na kijana na kumwongoza. Fedha zilizotumika kwa njia hiyo zimekwisha kupita paundi milioni 100. Hakuna mkubwa anayeweza kusema zimetoka mfukoni mwake, maana kila mtu ajua zimetoka kwa mwizi.

Na kama hamtaki mfano wa mbali, chukueni huu wa kwetu wenyewe. Mwaka 2016 kampuni iitwayo Windward Trading ilikiri makosa katika mahkama ya kisiwa cha Jersey, kwa fedha za hongo zilizohusu shirika letu la umeme. Fedha zikatwaliwa kule. Mwaka 2018 Kenya ikapatana na Jersey, Uswisi na Uingereza juu ya namna ya kurudisha mali kama hizo. Na mwaka 2022 Jersey ilipokubali kuzirudisha, ilikubaliana nasi kwamba zinunue vifaa vya hospitali. Mwaka 2017 fedha zilizotoka kwa kampuni ya Uingereza iliyohonga watu katika kuchapa karatasi za kura zilikuwa zimekwisha kununua magari ya wagonjwa.

Je, mmeona jambo hilo? Fedha zetu zikirudishwa na mgeni, huja na maandishi: hizi ni za hospitali, hizi ni za ambulansi. Mgeni huuliza zitakwenda wapi. Zikitwaliwa na sisi wenyewe, hatuulizani. Je, mtu wa Jersey ana uchungu na mtoto wa Kenya kuliko Mkenya? Hatukubali. Basi tuuonyeshe uchungu wetu kwa sheria.

WANAOPINGA NA WAJIBIWE

Wa kwanza watasema: "Hazina ndiyo ijuayo mahitaji yote ya nchi, msiifunge mikono." Twajibu kwamba Hazina imekuwa na mikono huru miaka yote hii, na kijana hakuona kilichomo kiganjani. Kodi ni ya wote, igawanywe na wote. Lakini mali ya mwizi si kodi. Ni kitu kilichotoka kwa watu fulani, na watu hao wajulikana.

Wa pili watasema: "Fungu lenyewe ni dogo, halitamaliza tabu ya vijana." Kweli kabisa. Kwa sensa ya mwaka 2019, katika kila Wakenya 4, watatu hawajafika miaka 35. Hakuna mali ya mwizi itakayotosha kuwalisha. Kwa hiyo fungu hili liongezwe juu ya bajeti ya vijana. Lisiwe kisingizio cha kuipunguza. Siku Waziri atakaposema, "Vijana wamepata fedha za wezi, basi tuwakate za Serikali," siku hiyo atakuwa amewafanyia wizi mwingine. Lakini kidogo kisidharauliwe. Haba na haba hujaza kibaba, na karakana moja yenye vyombo yaweza kutoa mafundi kila mwaka.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito, nasi twawaheshimu. Wasema: "Mkiwafanya watu wanufaike na mali iliyotwaliwa, mtaona polisi na maofisa wakitamani mali za watu, na asiye na hatia atanyang'anywa." Hofu hiyo si ya bure, kwa kuwa sheria huruhusu mali kutwaliwa hata kabla mtu hajafungwa, mradi mahkama iridhike kwamba imetokana na uhalifu. Twajibu hivi. Anayetwaa asiwe ndiye anayegawa, na anayegawa asiwe ndiye anayetwaa. Ofisa asipate hata senti kwa kila gari alilolizuia. Neno la mwisho liwe la jaji katika mahkama iliyo wazi, na mtu aliyenunua nyumba kwa jasho lake asisumbuliwe kwa uvumi. Hatutaki Uhuru wa kunyang'anyana.

Wa nne hawasemi hadharani, hunong'ona. Wao wapenda mfuko wa vijana upesi sana, ili waushike. Hao ndio twaowaogopa zaidi. Nani asiyejua kwamba NYS yenyewe ilikuwa fedha za vijana, na ndiyo iliyoliwa? Kumwajiri fisi alinde bucha si mpango wa maendeleo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mfuko wa vijana usio na daftari ni karamu nyingine ya wazee wanaojiita walezi.

TWATAKA NINI?

Twataka mambo saba, nayo twayaandika kwa namba ili yahesabike.

1. Bunge litumie Kifungu cha 206 na kuandika katika sheria kwamba fungu maalum la kila shilingi itokayo katika mali ya uhalifu, likiisha kulipwa jasho la walioibiwa, liende kwa vijana. Kiwango kiandikwe kwa tarakimu, kisiachwe kwa hiari ya waziri.

2. Fedha zilizoibwa kutoka kazi ya vijana zirudi zote kwa kazi ya vijana. Za NYS ziende kwa mafunzo ya NYS na vyuo vya ufundi. Kwa haki hiyo hiyo, za hospitali zirudi hospitali. Hatutaki cha mwingine.

3. Fedha za unga zitangulie mitaa iliyoliwa na unga. Zitibu mateja kwanza, kisha ziwape ufundi, maana kumponya kijana na kumrudisha kijiweni bila kazi ni kumwosha mtu na kumlaza matopeni.

4. Mali isiyooza na isiachwe ioze. Nyumba iliyotwaliwa ikifaa kuwa karakana, iwe karakana. Lori likifaa kufundishia udereva na umakanika, lifundishie. Yatazameni magari yanayoota kutu katika vituo vya polisi kote nchini, na mjiulize kama hiyo ni haki au ni hasara.

5. Kila miezi mitatu orodha ichapwe magazetini na kubandikwa katika ofisi za wadi: mali gani imetwaliwa, imeuzwa kwa bei gani, nani kainunua, na fedha zimekwenda wapi. Anayenunua mnadani asiwe jamaa wa aliyenyang'anywa wala wa anayeuza.

6. Katika kila kamati ya kugawa fedha hizo wawemo vijana waliochaguliwa na vijana wenzao, si wale walioteuliwa na mheshimiwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu azikague kila mwaka.

7. Isionekane sura ya mwanasiasa yeyote katika jezi, mpira, cherehani wala ukuta uliogharimiwa na fedha hizo. Ukutani paandikwe maneno haya tu: "Mali hii iliibwa kwa wananchi, imerudi kwa wananchi."

KWENU VIJANA, NA KWENU WAKUBWA

Mwishoni mwa mwaka 2016 Serikali ilitangaza kupiga marufuku makundi 90 ya vijana wahuni. Jina la kundi likapigwa marufuku. Njaa iliyoliunda haikupigwa marufuku. Kijana aliyeshika panga Kisauni au Kayole hakuzaliwa nalo. Kuna mtu aliyemkuta hana kazi akampa. Mwuza unga hana upungufu wa programu kwa vijana: yeye huwaajiri asubuhi hii hii, huwalipa jioni, huwapa jina na cheo. Ikiwa Serikali na jamii hawana cha kuweka mezani siku hiyo hiyo, yeye atashinda kila siku. Basi tumshinde kwa mkoba wake mwenyewe.

Juni 2024 vijana wa nchi hii walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Wengi walitoka na simu na bendera, na wako ambao hawakurudi nyumbani. Waliambiwa kwamba nchi haina fedha na kwamba lazima kodi iongezwe. Wao wakauliza: zile zilizoibwa ziko wapi? Swali lile halikuwa utovu wa adabu. Lilikuwa swali la mwenye mali.

Kwenu wakubwa twasema: msiwahutubie vijana juu ya uadilifu mkiwa mmekalia mali yao. Kijana huamini anachokiona. Akiona mwizi wa mamilioni arudi nyumbani kwa dhamana na gari lake, na mwizi wa kuku apigwa mpaka kufa, basi mmemfundisha somo, wala hamtaweza kulifuta kwa semina.

Kwenu vijana twasema: msingoje kuletewa. Mbunge wenu akija kwenye baraza, mwulizeni mbele ya watu kama atautia mkono mswada wa kuwapa fungu lenu, ndiyo au siyo. Akisema atalitafakari, mwulizeni tarehe. Diwani akija, mwulizeni ni mali gani iliyotwaliwa katika wadi yenu na nani anaitumia. Andikeni majibu yao, tarehe na mahali, mkayatunze mpaka siku ya kura. Wataliano walikusanya saini milioni moja chini ya kivuli cha bunduki za Mafia. Sisi tuna watu wengi na bunduki chache. Udhuru wetu ni upi?

Nasi wa gazeti hili twaahidi kuendelea kuliuliza swali hili toleo baada ya toleo, mpaka lijibiwe kwa tarakimu. Uhuru haukupiganiwa ili mali iliyoibwa ibadilishe kabati. Ulipiganiwa ili irudi kwa wenyewe.

Harambee!